Pembetatu Mbili: Kwa Nini Mji Wenu Unawashinda Siku ya Mapumziko

Mwaka 1952 mwanasosholojia wa Ufaransa, Paul-Henry Chombart de Lauwe, alichapisha ramani ya safari zote ambazo mwanafunzi mmoja wa Paris alizifanya kwa mwaka mzima. Msichana huyo alikuwa akiishi wilaya ya 16. Kila alipotoka, safari yake ilichorwa kwa mstari. Mistari ikalaliana hadi ikaumba pembetatu ndogo nyeusi yenye kona tatu: nyumbani kwake, shule ya sayansi ya siasa alikosoma, na nyumbani kwa mwalimu wake wa piano. Paris yote iliyobaki, pamoja na ukubwa wake na sifa zake duniani, ilikuwa na mistari michache tu.

Wawili wanaoishi pamoja wana pembetatu mbili za namna hiyo, zinazokutana kwenye kona moja: nyumbani. Mmoja anajua barabara ya kwenda kazini kwake na duka lililo njiani. Mwenzake anajua barabara nyingine kabisa. Wakikaa miaka kumi mjini humo watasema wanaujua mji. Wanachokijua ni pembetatu zao, na ndiyo maana siku ya mapumziko ikifika wanajikuta wamerudi kwenye sehemu zilezile, wamekaa viti vilevile, na jioni wanashindwa kueleza siku ilikwendaje. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa matembezi ya mjini msemo huo ni kweli tupu: wengi huuona mji wao siku wanapomtembeza mgeni, na mgeni akiondoka mji hufungwa tena.

Msimamo wa makala haya ni kwamba siku nzuri ya kuuzunguka mji wenu haitegemei orodha ya vivutio wala fedha nyingi. Inategemea eneo dogo, mwendo wa pole, na maamuzi yaliyogawanywa kabla ya kutoka nyumbani. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, siku huishia kwenye uchovu au kwenye kununiana.

Kuna sababu ya kuihangaikia siku hii. Mwaka 2000 Arthur Aron na wenzake, watafiti wa saikolojia nchini Marekani, walichapisha majaribio waliyofanya na wapenzi na wanandoa. Baadhi yao walifungwa pamoja kifundo cha mkono na cha mguu kwa upande mmoja, wakatakiwa kutambaa kwenye magodoro ya mazoezi, kuvuka kizuizi katikati, huku wamebana mto kati yao bila kuushika kwa mikono wala meno. Wengine walipewa kazi ya polepole ya kusukuma mpira. Zoezi lilichukua dakika saba. Waliopata lile jipya na lenye msisimko waliueleza uhusiano wao kwa wema zaidi baadaye kuliko waliopata kazi ya kawaida. Hakuna anayesema mkatambae barabarani. Nguvu ya jaribio lile ilikuwa ugeni wa jambo na kulifanya kwa pamoja, na vyote viwili vinapatikana mtaa wa pili kutoka mnapoishi, mradi uwe mtaa ambao hamjawahi kuutembea.

Anzeni na karatasi mbili

Hatua yenye faida kuliko zote hufanyika usiku wa kuamkia siku yenyewe. Chukueni karatasi mbili na kalamu mbili. Kila mmoja achore ramani ya mji wenu kwa kichwa, bila simu na bila kumchungulia mwenzake, kwa dakika kumi. Mbinu hii si ya kubuni: Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, aliitumia katika utafiti aliouchapisha mwaka 1960 baada ya kuwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles. Aligundua kwamba picha ya mji iliyo kichwani mwa mtu hujengwa kwa vitu vya aina tano: njia tunazopita, mipaka inayotukatiza kama mto, reli au barabara kuu, maeneo yenye sura yake ya pekee, makutano, na alama zinazoonekana kama mnara au jengo refu.

Mkimaliza, wekeni karatasi ubavu kwa ubavu na mtafute mambo matatu.

La kwanza ni alama ambazo ziko kwa mmoja na hazipo kwa mwingine. Hapo kila mmoja ana mji wa kumwonesha mwenzake, na ziara ya kumtembeza mpenzi kwenye pembetatu yako huenda ikatosha kwa nusu siku nzima. Mmeoana miaka mingi na bado hujawahi kuuona mlango wa ofisi yake au kibanda anachokimbilia mvua ikinyesha: kuvitazama si jambo dogo.

La pili ni mipaka. Mara nyingi ramani zote mbili hukomea mahali pamoja, kwenye reli, bonde au barabara ya njia nne. Ng'ambo ya pale kuna mtaa halisi wenye watu, na umbali wake huenda haufiki dakika ishirini kwa miguu. Mpaka huwafungia watu kwa sababu kuuvuka kwa miguu kunasumbua, basi kazi ya usiku huo ni kutafuta kivuko chake: daraja la waenda kwa miguu, njia ya chini, taa za kuvukia. Msipokijua mapema mtazunguka kilomita nzima juani mkikitafuta, na safari itakufa kabla haijaanza.

La tatu ni pengo tupu lililo katika karatasi zote mbili. Hilo ndilo eneo la kwenda. Lakini ulizaneni kwanza kwa nini ni tupu. Pengo la mmoja linaweza kuwa kutojua, na la mwingine likawa woga. Wanawake wengi wana mitaa wanayoiepuka kwa sababu zinazoeleweka, na mwanamume anayelipuuza hilo akasema tu "twende, hakuna neno" anaharibu siku kabla haijaanza. Mwenye woga ndiye aamue: kwenda mchana kweupe kwa njia yenye watu, au kuchagua pengo jingine.

Usiku huohuo andikeni pia shughuli zote ndogondogo zinazowasubiri, kulipa bili, kuchukua nguo kwa fundi, kununua balbu, kisha mkubaliane kwamba hakuna hata moja itakayoguswa kesho. Adui mkubwa wa siku hii ni sentensi moja: "Kwa kuwa tunapita huko, tupitie mara moja…" Shughuli ya dakika kumi hula saa nzima, na ubaya wake unazidi muda. Inamgeuza mmoja wenu kuwa mtu wa kusubiri. Atasimama kando ya mlango akitazama simu, na akili yake ikisharudi kwenye siku za kawaida haitoki huko kwa urahisi. Aliye safarini ugenini hana tatizo hili, kwani tiketi na hoteli vinamlinda. Nyumbani hakuna kinachowalinda isipokuwa makubaliano yenu.

Duara dogo, mwendo wa pole

Mtu mzima akitembea kawaida huenda karibu kilomita 5 kwa saa. Wawili wanaozungumza, wanaosimama kusoma kibao na kuchungulia dirisha la duka, huenda kilomita 2 au 3 tu. Kwa hiyo kilomita 6 ni saa mbili hadi tatu za kutembea, na kwa siku ya starehe hizo zinatosha kabisa. Watu hupiga hesabu kwa mwendo wa kwanza kisha wanaishi kwa mwendo wa pili, ndiyo maana ratiba yenye vituo sita inavunjika saa saba mchana.

Chukueni sehemu moja iwe kitovu, kituo cha basi au bustani, mchore duara lenye nusu kipenyo cha kilomita moja. Duara hilo lina eneo la kilomita za mraba 3.1 hivi. Mkitamani kulikuza hadi kilomita tatu, kumbukeni kwamba eneo litaongezeka mara tisa, hadi zaidi ya kilomita za mraba 28, na siku yenu haitaongezeka hata dakika. Kilomita moja inatosha. Mkiimaliza mapema, pigeni tena mitaa ileile kwa upande wa pili wa barabara, mtashangaa yaliyowapita.

Katika kuchagua barabara za ndani ya duara, kipimo bora ni milango. Jan Gehl, msanifu majengo wa Denmark, amesisitiza kwamba mtaa unaovutia kwa miguu huwa na milango 15 hadi 20 kwa kila mita 100. Hesabu yake inaeleweka: mwenye kwenda mita 80 kwa dakika atakutana na kitu kipya kila baada ya sekunde nne au tano. Ukuta mtupu wa mita 100 unachukua muda uleule wa zaidi kidogo ya dakika moja, ila mwili unauona kama safari ndefu. Kwa hiyo msikwepe mtaa kwa kuwa ni wa kawaida. Kwepeni barabara kuu, kuta ndefu za viwanda na viwanja vikubwa vya maegesho, kwa sababu huko ndiko mazungumzo yanakokatika. Kelele za magari nazo zina lake: wawili wanaolazimika kupaza sauti hawaambizani mambo ya maana.

Ukifika mtaa wenyewe, inua macho. Maduka hubadilisha sura ya ghorofa ya chini kila baada ya miaka michache, lakini ghorofa ya pili na ya tatu mara nyingi hubaki kama ilivyojengwa: madirisha ya asili, mwaka uliochongwa juu ya mlango, jina la mwenye jengo wa zamani. Majina ya mitaa pia yanafaa kuulizwa. Mtu yule alikuwa nani, na kwa nini yeye? Swali hilo moja linaweza kuwapeleka mbali kuliko kivutio chochote cha kulipia.

Sasa suala la mwendo wenyewe. Utafiti mdogo uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2013 ulionesha kuwa wanaume walipunguza mwendo kwa takriban asilimia 7 walipotembea na wapenzi wao wa kike. Asilimia 7 haisikiki kama kitu kikubwa, ila ikidumu saa tatu, mmoja anahisi amezuiwa na mwingine anahisi anakimbizwa. Dalili ni mwenye mwendo wa haraka kuwa hatua mbili mbele. Akishafika hapo mazungumzo yamekwisha, maana anaongea akielekea mbele na sauti yake haifiki nyuma. Dawa ni rahisi: mwenye mwendo wa pole ndiye hutoa kasi. Njia ikiwa nyembamba hata mpite mmoja mmoja, yeye ndiye atangulie. Yule mwenye haraka apewe uhuru wa kuchepuka, kuchungulia uchochoro na kurudi na habari.

Nani anaamua?

Siku nyingi za namna hii huharibikia kwenye adabu. "Unataka twende wapi?" "Popote tu." "Hapana, sema wewe." Mwaka 1974 Jerry Harvey, mtaalamu wa usimamizi nchini Marekani, alisimulia mkasa wa familia yake huko Coleman, Texas. Siku moja ya joto kali mkwe wake alipendekeza waende kula Abilene, karibu kilomita 85 kutoka hapo, kwa gari lisilo na kiyoyozi. Wote wanne walikubali. Waliporudi, wamechoka na wamejaa vumbi, ikabainika kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda. Kila mmoja alikubali akidhani wenzake wanataka, na hata mkwe alilitaja wazo hilo kwa kuhofia kwamba wenzake wamechoka kukaa. Harvey aliuita mkanganyiko wa Abilene, na wapenzi wanaopendana kwa dhati ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa kila mmoja anajitahidi kumridhisha mwenzake.

Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza ni zamu. Kwa saa moja mmoja ni kiongozi wa njia: anachagua kila kona bila kuulizwa na bila kujieleza. Saa inayofuata ni zamu ya mwenzake. Kila mmoja ana haki moja ya kukataa asubuhi na moja mchana, asipoitumia inaisha. Ya pili ni vidole. Wazo likitajwa, mnahesabu moja, mbili, tatu, kisha kila mmoja anaonesha kwa vidole, kati ya kumi, anavyolitaka. Mkionesha kwa pamoja, hakuna nafasi ya kumsoma mwenzako usoni na kurekebisha jibu. Mmoja akiwa chini ya tano, wazo linaachwa bila mjadala. Hilo neno "bila mjadala" lina uzito: mkianza kutetea alama zenu, mmerudi Abilene.

Maamuzi ya fedha yafanyike nyumbani. Kubalianeni kiasi, mkiweke mfuko mmoja, asubuhi akishike huyu na mchana yule. Kinachoudhi watu barabarani mara nyingi ni kuulizana bei mbele ya muuzaji, na mfuko mmoja unaliondoa hilo.

Chakula kina kanuni ya saa: anzeni kutafuta pa kula saa tatu baada ya kifungua kinywa, hata kama hakuna mwenye njaa. Kwenye saa ya tano tangu mlipokula, mkiwa na njaa, kila sehemu itaonekana ina kasoro na kila neno litaonekana lina shari. Kiongozi wa saa hiyo ataje sehemu mbili, mwenzake achague moja, ndani ya dakika kumi. Kutembea nusu saa zaidi kwa sababu mahali fulani pamesifiwa hakuna faida mkiwa na njaa.

Miguu nayo ina neno. Lengelenge husababishwa na msuguano na unyevu, kwa hiyo viatu vipya vibaki nyumbani hata kama vinapendeza. Mtu akihisi sehemu moja ya kisigino imepata moto, asimame palepale abandike plasta. Akisubiri hadi afike mahali pa kukaa, ngozi itakuwa imekwisha kuinuka, na kuanzia hapo anayechechemea ndiye anayeamua ratiba ya wote wawili. Kwenye jua chukueni karibu nusu lita ya maji kwa kila mtu kwa kila saa ya kutembea. Choo kikionekana safi, tumieni, hata kama hamjabanwa. Na kwa kuwa jua la mchana linachosha kila mahali, saa sita hadi tisa ziwe za ndani.

Hapo ndipo makumbusho, maktaba au jengo la kihistoria linapopata nafasi yake, kimoja tu kwa siku. Hakikisheni kiko wazi: makumbusho mengi duniani hufunga siku moja ya wiki, mara nyingi Jumatatu, ingawa makumbusho ya Louvre mjini Paris hufunga Jumanne, na wageni wa mwisho huzuiwa kabla ya saa ya kufunga yenyewe. Uchovu wa makumbusho ni jambo linalojulikana kwa zaidi ya karne. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Boston alionesha kwa picha jinsi wageni wanavyoinama, kuchuchumaa na kujipinda ili wasome vibandiko vilivyowekwa vibaya. Ingieni ukumbi mmoja au miwili kwa dakika 45, kila mmoja achague kitu kimoja cha kumwonesha mwenzake, kisha mtoke. Kumaliza jengo zima kunawafaa wenye tiketi ya ndege ya kesho. Ninyi mnaishi hapa, mtarudi.

Simu moja ibaki na ramani iliyopakuliwa mapema. Ya pili ikae mfukoni ikiwa kimya, iwe akiba ya chaji. Kuhusu picha, mwanasaikolojia Linda Henkel alichapisha mwaka 2014 jaribio lililofanyika kwenye makumbusho: waliopiga picha kitu kizima walikumbuka vitu vichache na undani mchache kuliko waliotazama tu, lakini waliovuta karibu sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu hiyo. Basi pigeni picha ya kitasa, badala ya mlango wote. Na dakika kumi za kwanza katika mtaa mpya, pasiwe na picha kabisa.

Rudini mngali na nguvu kidogo. Muda wa saa sita au saba nje ya nyumbani unatosha, na wenye watoto wa kuwahi wanaweza kupata siku njema ndani ya saa nne kwa kuondoa sehemu ya makumbusho. Jueni saa ya usafiri wa mwisho kabla ya kutoka, na ikiwa mtaa ni mgeni, ondokeni giza halijaingia. Msirudi kupitia sokoni wala dukani. Karatasi ya shughuli bado inafanya kazi hadi kesho asubuhi.

Mkifika, toeni zile ramani mbili za jana usiku. Kila mmoja achore kwenye karatasi ya mwenzake alichokiona leo: kivuko cha reli, jengo lenye mwaka juu ya mlango, mtaa uliokuwa na kelele, benchi lenye kivuli. Andikeni tarehe pembeni, mzikunje pamoja. Pengo lililobaki ndilo mahali pa kuanzia safari ijayo.